Mafua ya Mstari wa Pili

Kwenye ofisi ya walimu kulikuwa na chati ukutani, na Mwalimu Miwani aliichukia kuliko alivyochukia panya wa stoo. Ilikuwa kazi ya mikono ya Mwalimu Mkuu, mwanamume mchangamfu aliyependa kalamu za rangi kuliko watoto wa chekechea wanavyozipenda. Kila muhula, baada ya upimaji wa kusoma, alichora nguzo moja kwa kila chumba: ndefu kwa chumba kinachosoma vizuri, fupi kwa kinachosuasua. Darasa la pili lilikuwa na vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa cha Mwalimu Rula, mrefu, mwembamba, asiyekosea, na nguzo yake ilikaribia kugusa dari. Cha pili kilikuwa cha Miwani, na nguzo yake ungeweza kuivuka bila kunyanyua mguu.

Wenzake hawakumcheka. Walimpa pole, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Jina la Miwani walimpa watoto, kwa sababu miwani yake ilikaa kila mahali isipokuwa machoni: kichwani, shingoni, ndani ya boksi la chaki, siku moja hata kwenye beseni la kunawia mikono. Alikuwa mwalimu mzuri, tusimwonee. Alijua nani kaja bila kunywa chai, nani jino linamtikisika, nani asikalishwe na nani. Lakini kushika mkia hakuzoeleki, hata ukishika miaka nenda miaka rudi.

Chati ile ilikuwa na faida moja tu. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa msaada, binti mpole mwenye subira ya kutisha, ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa na watoto wasioweza kusoma na kuwapitisha herufi kwa herufi. Kwa darasa la pili hakuweza kuwa katika vyumba viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo Mwalimu Mkuu alimpeleka kwenye nguzo fupi. Miwani alipata aibu, watoto wake wakapata msaada. Kwa namna fulani mambo yalikwenda.

Upimaji wenyewe haukuwa na mambo mengi. Mtoto anaitwa peke yake, anapewa karatasi yenye hadithi fupi, anasoma kwa dakika moja. Mwalimu ana saa mkononi, anahesabu maneno yaliyosomwa sawasawa. Siku zote Miwani aliwapimia stoo, katikati ya majembe na madumu. Muhula huu stoo ilikuwa imejaa mifuko ya saruji ya choo kipya, ikabidi atoe meza nje, barazani, chini ya dirisha la darasa lake. Akapapenda. Palikuwa na mwanga mzuri, na maandishi yalikuwa madogo, na miwani, kama kawaida, ilikuwa safarini.

Aliwaambia watoto waliobaki ndani wachore picha na wanyamaze. Hilo la kunyamaza alilisema kwa mazoea tu, kama mtu anavyomwambia mbu aondoke. Maajabu yakatokea: walinyamaza. Darasa ambalo kwa kawaida lilipiga kelele kama stendi lilitulia hadi akasikia majani yakisogea uani. Miwani alinyoosha mgongo kwenye kiti chake akajiambia kwamba hatimaye nidhamu imeingia.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mtoto wa mfamasia, msomaji hodari kuliko wote, aliyekuwa na mafua mabaya siku hiyo.

"Siku moja mbuzi wa babu aliingia dukani," akasoma. "Akala sabuni." Hapo akavuta kamasi kwa nguvu, akaendelea. "Alipotaka kulia, mdomo ukatoa mapovu."

Alisoma yote, sauti ikipanda na kushuka vizuri. Miwani akamwandikia alama zake akaita wa pili. Wa pili alijikwaa kidogo. Wa tatu alijikwaa kidogo zaidi. Kuanzia wa sita au wa saba, upepo ukabadilika. Watoto waliokuwa wakitambaa juu ya maneno muhula uliopita sasa walikimbia. Mbuzi aliingia dukani, akala sabuni, mtoto akavuta kamasi, mapovu yakatoka, hadithi ikaisha kabla dakika haijaisha. Miwani alijaa furaha. Ndiyo, karibu wote walikuwa na mafua, maskini, lakini walisoma.

Mwisho kabisa alimwita Redio.

Redio aliitwa hivyo kwa sababu kila alichosikia alikirusha hewani upya. Ukigombana na mumeo asubuhi mbele ya geti la shule, mchana Redio angeweza kukupa mazungumzo yote, sauti mbili. Alikuwa binti wa mshonaji mwenye kibanda karibu na geti, mtoto mwenye macho makali na tabasamu lisilo na meno ya mbele. Muhula uliopita alisoma neno moja, nalo lilikuwa la kubahatisha. Sasa aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma hadithi nzima bila kuvuta pumzi, isipokuwa pale kwenye sabuni, alipovuta kamasi. Alimshinda hata mtoto wa mfamasia.

Miwani alimkumbatia pale pale.

Siku iliyofuata Mwalimu Mkuu alipanda juu ya kiti na kalamu ya kijani, akachora nguzo ambayo haijawahi kuonekana. Ilimpita Rula. Walimu wakapiga makofi. Rula alikuja kumpa mkono, na alimpa kama mtu anayeng'olewa jino, lakini alimpa. Miwani alitembea kifua mbele wiki nzima. Alinunua kamba ya kuning'iniza miwani shingoni, akiamini kwamba mtu mwenye nguzo kama ile hana budi kujiheshimu.

Mama yake Redio naye alimsimamisha getini, utepe wa kupimia ukiwa umening'inia shingoni. "Mwalimu, sijui nikushukuruje. Kila mteja anayeingia kibandani namwambia. Wengine nimewaambia mara mbili."

"Ni juhudi zake mwenyewe," akasema Miwani, na aliyasema kwa raha tupu.

Palikuwa na jambo moja dogo. Kwa kuwa nguzo ya Rula sasa ndiyo iliyokuwa fupi kati ya hizo mbili, Mwalimu Mkuu aliamua kwamba kuanzia wiki inayofuata mwalimu wa msaada ahamie kwa Rula. Miwani alikubali bila kuuliza. Msaada wa nini tena, na watoto wanasoma kama maji?

Ilikuwa wakati wa chai, ofisini, mambo yalipomgeukia, na aliyegeuza mambo alikuwa yeye mwenyewe.

"Hebu tuambie siri yako," alisema Mwalimu Mkuu, akichovya mkate kwenye chai. "Umewafanya nini wale watoto?"

"Na walikuwa wagonjwa, Mkuu," akajibu Miwani, ambaye alikuwa ameanza kuzoea kuulizwa siri. "Wangekuwa wazima sijui ingekuwaje. Darasa zima lina mafua."

"Mafua?" Rula akainua kichwa. "Mbona chumbani kwangu hakuna hata anayepiga chafya, na tumetenganishwa na ukuta tu?"

"Wako wana bahati. Wangu kila mmoja alivuta kamasi. Yaani mbuzi akishakula sabuni tu, mtoto anavuta."

"Wote? Hapo hapo kwenye sabuni?"

"Wote. Hapo hapo."

"Basi hayo si mafua ya kawaida," akasema Rula. "Hayo ni mafua ya mstari wa pili."

Ofisi nzima ikacheka. Miwani naye akacheka, lakini kicheko kilimkatikia katikati. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Aliona baraza, dirisha lililo wazi juu ya kichwa chake, ukimya ule wa ajabu aliouita nidhamu. Mtoto mmoja alikuwa na mafua. Waliobaki walikuwa na masikio.

Aliacha chai yake nusu akaenda darasani. Alimtoa Redio nje, wakaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya jengo, mbali na dirisha lolote. Akampa karatasi nyingine, ya hadithi ambayo watoto hawakuwa wameiona.

Redio aliipokea kwa mikono miwili, vizuri, akaitazama kwa adabu. Halafu akamtazama mwalimu akitabasamu. Muda ukapita.

"Soma, mwanangu."

"Nasubiri, Mwalimu."

"Unasubiri nini?"

"Hii hakuna aliyeisoma bado."

"Wewe ndiye wa kwanza."

Redio alicheka, akidhani anataniwa. "Hapana, Mwalimu. Wa kwanza ni wewe. Wewe unasoma, halafu na sisi tunasoma. Ndiyo kusoma."

Miwani aliukumbuka ubao wake. Kila asubuhi, tangu muhula uanze, alisimama mbele ya ubao na fimbo ndogo ya kuonyeshea, akasoma mstari, na darasa zima likaurudia kwa sauti kubwa ya kupendeza. Mwalimu Mkuu akipita nje hutikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna mtoto aliyedanganya. Walifanya kile kile walichofundishwa, na Redio alikifanya vizuri kuliko wote. Ilimuuma Miwani, ilimuuma kweli, kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amenunua kamba ya miwani.

"Nikusomee ile ya mbuzi?" Redio aliuliza. "Ile naijua sana."

Siku hiyo yote Miwani alipigana na nafsi yake, na lazima isemwe kwamba nafsi ilijitetea vizuri. Nguzo ya kijani ilikuwa yake ya kwanza. Wazazi walikuwa wameitwa mwisho wa wiki kuja kupongezana. Na nani angejua? Watoto wangepanda darasa la tatu, wangekutana na mwalimu mwingine, na mwalimu huyo angepambana nao. Lakini kila alipofika hapo alimwona Redio kwenye darasa la tatu, ameshika karatasi kwa mikono miwili, anasubiri mtu wa kwanza, na mtu wa kwanza hatokei. Jioni alipiga moyo konde akabisha mlango wa Mwalimu Mkuu.

Alisema yote kwa mkupuo, asije akarudi nyuma. Dirisha, ukimya, kamasi, mbuzi. Mwalimu Mkuu alisikiliza huku akifunika na kufunua kalamu yake.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "unajua wazazi nimeshawaalika?"

"Najua."

"Na ile ya kijani ni kalamu isiyofutika."

"Utabandika karatasi juu yake, Mkuu."

Akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyeipenda chati yake. "Tufanye hivi. Tuyaache yapite. Muhula ujao saruji itakuwa imekwisha, utawapimia stoo, mambo yatajirekebisha yenyewe kimya kimya."

"Muhula ujao mwalimu wa msaada atakuwa kwa Rula, na wangu watakuwa wameshapanda darasa. Kuna mtoto pale hajui kwamba hajui kusoma. Nikimwacha hivyo, nitakuwa nimemdanganya mimi, tena kwa makofi."

"Mmoja tu?"

"Wapo kadhaa. Huyo ndiye aliyenifungua macho."

Mwalimu Mkuu alitazama kalamu zake muda mrefu kuliko kawaida. "Rula atakasirika. Ameshampangia binti wa watu kiti na meza."

Na kweli Rula alikasirika. Alimkasirikia Miwani siku mbili, akawa anamsalimia kwa nyusi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kumsaidia kupima upya, ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mlango umefungwa, kila mtoto na hadithi tofauti. "Sikupendi leo," alimwambia, akishika saa, "lakini kazi hii haifanywi na mtu mmoja." Walipomaliza, nguzo ya Miwani ilikuwa imeanguka vibaya. Mwalimu Mkuu alibandika karatasi nyeupe juu ya ile ya kijani, na rangi ikaonekana kwa nyuma. Mwalimu wa msaada alirudi chumba chake cha zamani.

Ikabaki siku ya wazazi.

Mama yake Redio alikuja amevaa gauni aliloshona mwenyewe, utepe wa kupimia ameusahau shingoni. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti juu, uso umejaa furaha ya kusubiri sifa. Miwani akamweleza. Hakupaka sukari.

Furaha ile ilitoka usoni kidogo kidogo. "Mwalimu, si wewe uliyeniambia anaongoza?"

"Ni mimi. Nilikosea. Nilimpima vibaya, na kabla ya hapo nilimfundisha vibaya. Yeye hana kosa."

"Lakini nyumbani anasoma." Sauti ya mama ilianza kupanda, na wazazi wa meza za jirani wakajifanya wanatazama ukuta. "Namwona kwa macho yangu. Juzi kamsomea bibi yake gazeti, ukurasa mzima, bibi akalia kwa furaha."

"Gazeti lilikuwa na habari gani?" aliuliza Miwani taratibu.

Mama alifungua mdomo kujibu. Akaufunga. Alitazama mikono yake, vidole vyenye alama za sindano.

"Za mbuzi," akasema.

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wote wawili wangecheka mpaka machozi.

"Mimi naweza kusoma, Mwalimu," alisema mama. "Nilikuwa nashona. Nilisikia sauti tu, sikuinua kichwa. Nikasema, mtoto anasoma." Akasimama, akavuta gauni. "Sasa bibi yake nimwambie nini?"

Mama aliondoka bila kuaga. Kwa siku nyingi baada ya hapo, Miwani akipita kibandani, cherehani ilikuwa ikipiga kelele na kichwa hakikuinuka.

Miwani aliacha ile fimbo ya kuonyeshea. Asubuhi sasa watoto ndio waliosoma kwanza, kila mmoja kwa mwendo wake, na darasa likarudi kuwa stendi. Redio ndiye aliyeteseka zaidi. Alizoea kuwa hodari, na sasa kila mchana, kwa mwalimu wa msaada, alikaa mbele ya herufi zilizonyamaza. Siku nyingine alilia. Siku nyingine aligeuza karatasi chini akasema hadithi yake mwenyewe, nzuri kuliko iliyoandikwa, na mwalimu wa msaada akaisikiliza yote, kisha akaigeuza karatasi juu.

Muhula ulipokaribia kwisha, Miwani alimpima tena. Ilikuwa baada ya masomo, darasani, wao wawili tu. Alikuwa ndiyo kwanza anaweka saa mezani, mlango ukafunguka. Mama yake Redio alikuwa amemfuata mtoto, funguo za kibanda mkononi. Alipoona kinachoendelea alisita. Miwani alimwonyesha benchi la nyuma ya Redio. Hakukaa, ila alisogea karibu, hadi karatasi ikawa mbele ya macho yake pia.

"Anza," akasema Miwani.

Redio aliinama. Alipitisha kidole chini ya neno la kwanza, akalishika kwa midomo kabla ya kulitoa. "Te. Mbo. Tembo." Akapumua. "A. Me. Ka. Li. A. Amekalia." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Kiti." Halafu, baada ya muda mrefu, "cha."

Dakika iliisha. Miwani akaandika maneno manne. Yalikuwa machache kuliko ya mtoto yeyote darasani, lakini aliyaandika kwa furaha. "Vizuri sana, mwanangu. Muda umekwisha. Nipe karatasi."

Redio hakuitoa. "Cha nani?" akauliza.

"Muda umekwisha."

"Ndiyo, lakini kiti cha nani?"

Mama, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa ameshaona. Alifungua mdomo ili amwambie mtoto, yaishe, wateja wanasubiri. Miwani alimtazama tu. Mama akaufunga mdomo, akaziweka funguo mezani, akaketi.

"Da," alisema Redio. "Da. K. Dak." Akarudi mwanzo. Akakwama. Akarudi tena. Hakuna aliyemsaidia. "Dakta. Daktari." Akatulia, akaliangalia neno lile. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, peke yake, kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyemwambia. "Mama, tembo amekalia kiti cha daktari."

"Cha daktari?" akauliza mama. "Halafu ikawaje?"

"Subiri kwanza," akasema Redio, akairudia karatasi.